Soketi Ubavuni mwa Pikapu

Inspekta Mudrik hakuwa mtu wa kusalimiana na mahabusu. Alimkuta Hemedi ameketishwa chini kwenye ua wa kituo, pingu mikononi, mdomo umevimba upande mmoja, akamrushia bisibisi mapajani.

"Fungua kazi yako," alimwambia. "Nataka nione ilivyoua."

Pikapu nyeupe ya Waleed ilikuwa imeegeshwa kando ya ukuta tangu juzi. Ubavuni mwa bodi, nyuma ya mlango wa dereva, Hemedi alikuwa ametoboa bati na kupachika soketi ya nyumbani, ile ile ya matundu matatu unayoiona kwenye ukuta wa sebule, akaivisha kifuniko cha plastiki cha kuzuia mvua. Nyuma ya kiti aliweka inveta, sanduku linaloubadili umeme wa betri ya gari uwe kama wa nyumbani. Siku za kawaida Waleed aliitumia kuendesha mashine ya kukunia nazi shambani na kuchaji simu za watu kwenye harusi, na sifa zote akachukua yeye. Lakini aliyewekewa hasa soketi ile ni mama yake. Bi Khairiya alikuwa anapumua kwa mashine ya oksijeni, ile inayolia ikikosa umeme, na umeme wa kisiwani Mafia hukatika unavyotaka wenyewe. Ukikatika, pikapu huletwa chini ya dirisha lake, injini huachwa inaunguruma, waya wa ekstensheni hupitishwa dirishani, na bibi huendelea kuishi.

Juzi umeme ulikatika, pikapu ikaletwa, na bibi akafa.

Waleed aliandikisha kwamba soketi ya Hemedi ilitoa moshi ikaungua, mashine ikazima, naye hakuwahi. Dada yake Asmahani, aliyekuwa akimuuguza mama, aliandikisha kwamba alikuwa jikoni uani na hakusikia chochote. Familia ile ni ya mashamba na majumba tangu enzi za mababu zao waliotoka Omani, kwa hiyo neno lao lilifika mbali kabla ya machozi yao kukauka. Kabla ya maziko mlango wa gereji ya Hemedi kule Kilindoni ulikuwa umeshavunjwa.

Mkuu wa kituo, Shamte, aliwatokea pale uani na kikombe cha chai mkononi. Alisema kesi ni rahisi na hataki ifanywe ngumu. Kesho Hemedi anasimama mahakamani, na asimame akiwa amekwisha kukiri.

"Nakupa mpaka alasiri, Mudrik. Usiponiletea mtu mwingine, vijana wangu watazungumza naye."

Pale kituoni hakuna asiyejua vijana wa Shamte wanazungumzaje. Ule mdomo uliovimba ulikuwa salamu tu.

Hemedi alikuwa mtu wa majigambo, na hata pingu hazikumfundisha adabu. Huku akifungua skrubu alieleza kwamba kazi yake haijawahi kuungua Mafia nzima, kwamba alitumia waya mnene, kwamba alitia fyuzi karibu na betri kama inavyotakiwa. Mudrik alifungua boneti akaufuata waya kwa kidole kutoka betri mpaka unapoingia ndani ya gari.

"Fyuzi iko wapi?"

Hemedi aliinamisha kichwa. Akasema alikuwa anaingoja kutoka Dar.

"Umeshanidanganya mara moja," Mudrik alimwambia. "Ukirudia, mie nakwenda zangu kunywa chai, na wewe utabaki na vijana."

Fyuzi ile isiyokuwapo ingetosha kumtia Hemedi kitanzini, na Mudrik alilijua hilo. Hakumwita Shamte. Alichuchumaa mbele ya soketi akaiangalia kama muuza samaki anavyoangalia jicho la changu. Kifuniko cha plastiki kilikuwa kimeyeyuka kikagandamana na uso wa soketi, kimeziba matundu yote matatu, na kwenye rangi nyeupe ya bodi masizi yalikuwa yamepanda juu.

Alimwamuru Hemedi akibandue kifuniko na kuing'oa soketi yote. Nyuma yake nyaya zilikuwa safi, nyekundu na nyeusi, na skrubu zinang'aa. Mudrik akamtuma Koplo Sabra, msaidizi wake, alete feni ya mezani ya Shamte. Akaikata plagi bila kuomba ruhusa, Hemedi akaunga nyaya za feni moja kwa moja na nyaya za soketi, na Sabra akawasha gari. Feni ikazunguka. Sabra alipozima gari, feni ikasimama.

"Nimeiunga na ufunguo," Hemedi alisema. "Gari likizimwa, inveta nayo inazima, betri isije ikaliwa. Waleed anajua. Yeye ndiye aliyetaka hivyo."

Mudrik alinyanyuka akajipangusa magoti. Soketi inayoungua kwa ubovu wa fundi huanza kuungua nyuma, pale waya ulipokaza vibaya, na nyuma hapakuwa na hata harufu. Zaidi ya hayo, kifuniko kile hakifungiki plagi ikiwa ndani. Lazima kisimame wazi. Hiki kiliyeyuka kikiwa kimefungwa. Mtu alichomoa plagi kwanza, akafunga kifuniko, ndipo akakitia kiberiti, na haraka zake zikamwumbua.

Alipompelekea Shamte habari hiyo, Shamte alikuwa ameshaiona feni yake. Alijibu kwamba kifuniko hakisimami kizimbani, na kwamba saa zinakwenda. Hemedi akarudishwa ndani. Mudrik hakumwambia hata neno moja la kumtuliza. Mtu mwenye matumaini hupayuka, na alimtaka afunge mdomo mpaka atakaporudi.

Kijijini walianzia kwa jirani. Bibi Mize alikuwa barazani kwake akisuka ukili, na kati ya nyumba yake na dirisha la marehemu palikuwa na ua wa makuti tu. Mudrik alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda.

Bibi Mize alikumbuka vizuri. Umeme ulipokatika gari lililetwa, likaunguruma asubuhi nzima mpaka kichwa kikamuuma. Karibu na adhuhuri likanyamaza.

"Likanyamaza kwanza," Mudrik aliuliza, "au mashine ndiyo ililia kwanza?"

"Gari kwanza. Kisha kile kimashine kikaanza kulia, tii, tii, kikalia weee, mpaka kikachoka. Mie nikaingia kuswali. Nilipotoa salamu nikasikia kilio cha watu."

"Hukwenda kutazama?"

"Nyumba ile mwanangu huingii mpaka uitwe. Na ukiitwa, unapita mlango wa nyuma."

Alisema hivyo bila chuki, akaendelea kusuka. Sabra aliusogelea ua wa makuti akachungulia upande wa pili. Jiko la uani, alikodai kuwapo Asmahani, lilikuwa karibu zaidi na dirisha lile kuliko kigoda cha Bibi Mize.

Waleed walimkuta mbele ya nyumba yake, kanzu imepigwa pasi, anasimamia watu wanaotandika mikeka chini ya turubai. Mchana ule ilikuwa hitima ya siku ya tatu. Alimpokea Inspekta kwa heshima zote na kuagiza kahawa. Mudrik alimuuliza kwa nini gari lilizimwa kabla ya mashine kulia. Kitu fulani kilipita usoni mwa Waleed kikapotea. Kisha akashusha pumzi kama mtu anayetoa siri iliyomlemea.

"Jeneza lilikuwa linapita, Inspekta. Kulikuwa na msiba kwa Abubakari. Wewe ungefanyaje? Nilizima gari, nikasimama, nikatia bega mpaka kona ya msikiti. Lilikuwa zito, na watu wenyewe wachache. Nikarudi mbio. Kuwasha tu, soketi ikatoa moshi."

"Kwa nini hukuandikisha hivyo?"

"Kumcha Mungu kwangu kumemponza mama. Hilo mtu analiandikishaje?"

Sabra aliangalia chini. Lilikuwa jibu zuri sana. Mafia nzima jeneza likipita magari husimama, injini huzimwa, na aliyeketi hunyanyuka. Hata Mudrik mwenyewe hufanya hivyo. Mtu akifikwa na balaa kwa sababu ya heshima hiyo, hakuna atakayethubutu kumnyooshea kidole. Na mzigo wote unabaki kwa fundi, maana soketi yake imeshindwa kuwashwa mara ya pili. Mudrik hakupenda majibu mazuri. Alikunywa kahawa ya watu, akaaga, akasema atarudi kwenye hitima.

Abubakari alikuwa mkulima wa mwani. Walimkuta ufukweni anageuza mwani juani, peke yake, kwa mikono ya mtu anayefanya kazi asifikiri. Mudrik alimpa pole ya msiba, akaingia moja kwa moja kwenye swali.

"Nani walibeba jeneza?"

Abubakari aliuacha mwani, akanyooka.

"Jeneza gani, bwana? Mwanangu hakutimiza hata arubaini. Nilimbeba hapa." Alinyoosha mikono yote miwili mbele, mitupu, imelowa chumvi. "Kaka yangu akanishikia mwavuli. Jeneza halikutoka msikitini."

Mudrik aliuliza kama walipita mbele ya nyumba ya Bi Khairiya. Abubakari alisema hapana, walikata kwa nyuma, kwenye minazi, ili mama wa mtoto asiwaone wakiondoka. Walikuwa watu watano tu pamoja na shehe. Umeme haukuwapo, kipaza sauti cha msikiti hakikuwatangazia watu, na habari yenyewe ilizagaa nusunusu. Hata jana kuna mtu alimpa pole ya kufiwa na baba, kwa vile mzee huyo ni mgonjwa wa siku nyingi.

Kisha Mudrik akauliza swali ambalo Sabra hakumsamehe.

"Alikuwa mzito?"

Abubakari alishusha mikono.

"Hata mkono haukuchoka," alisema, akarudi kwenye mwani wake.

Walipoondoka Sabra alikuwa ameuma meno. Alisema lile swali halikuwa la lazima. Mudrik akamjibu kwamba lilikuwa la lazima: Waleed alisema jeneza lilikuwa zito, na sasa wana mdomo wa baba wa kumwumbua. Sabra akakubali kwa shingo upande. Akasema basi wapige simu kituoni sasa hivi, wasimguse Hemedi.

"Shamte hatamwachia mtu kwa sababu ya jeneza," Mudrik alisema. "Atataka aliyezima gari. Tumpe mtu, siyo hadithi. Bado tuna muda."

Walipofika hitima ilikuwa imeshaanza. Wanaume walijaa chini ya turubai, kila mmoja na juzuu yake, sauti zinapishana. Watu wakajisogeza, Inspekta akapata nafasi katikati, na mtu akamtilia juzuu mkononi. Mudrik alilelewa vyema na marehemu babu yake: penye Kurani huingii na kelele zako, wala hunyanyuki katikati ya dua. Akatoa simu mfukoni, akaizima, kama walivyofanya wenzake wote.

Kuna wakati Sabra alitokeza kwenye mlango wa wanawake, akainua simu yake juu, akaigusa saa ya mkononi. Mudrik alimtikisia kichwa. Dua kwanza.

Shehe alikuwa na pumzi ndefu. Alimwombea marehemu, akawaombea wazazi wake, akawataja mababu zao mmoja mmoja, akaja kwa waliokufa baharini, akaja kwa wagonjwa. Amina zikapanda na kushuka. Halua ikapita, kahawa ikapita, na mwadhini wa alasiri akaadhini watu wakiwa bado wameketi. Mudrik hakupenda kuisikia adhana ile, lakini alikaa, akaswali nao palepale, akarudi kwenye dua iliyozidi saa nyingine, mpaka mikono yote ilipopangusa nyuso. Baada ya hapo ndipo alipomshika Waleed kiwiko, kwa upole, kama anampa pole, akampeleka chini ya dirisha la mama yake.

Waya wa ekstensheni ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari. Mudrik aliishika plagi.

"Hii ndiyo iliyokuwa kwenye soketi ikiungua?"

"Ndiyo."

"Itazame. Nyeupe, haina hata doa. Na kifuniko cha soketi kimeyeyuka kikiwa kimefungwa. Sasa niambie, lile jeneza zito lilikuwa la nani?"

"Baba yake Abubakari. Nilikwambia."

"Ulisema kwa Abubakari." Mudrik alimgeuza taratibu kuelekea kwenye turubai. "Baba yake Abubakari ni yule pale, aliyeegemea nguzo. Ametoka kula halua yako. Aliyekufa ni mtoto mchanga, na alibebwa mikononi. Jeneza lilikuwa msikitini siku nzima, Waleed. Lilitoka kesho yake kwa ajili ya mama yako."

Waleed alimtazama yule mzee. Mzee, kwa adabu, akainua mkono kumsalimu. Hapo damu ikamhama Waleed usoni, na Mudrik, ambaye aliona raha na hakujificha kwamba anaiona, alimwacha asimame hivyo mpaka alipoanza kusema mwenyewe.

Alipozungumza hakulia. Alisema Ijumaa mama yao alikuwa anatarajia kulitia wakfu shamba lote la Kisimani, liwe la msikiti, naye na dada yake wana mnunuzi wa kujenga hoteli aliyekwisha kulipima.

"Mie na dada tungekula nini, Inspekta? Thawabu?" Kisha akaona mlango wa kutokea, akaurukia. "Lakini mie nilizima gari tu. Mashine ililia ndani, na ndani alikuwamo mtu. Kamuulize."

Hivyo ndivyo alivyomuuza dada yake, na wala hakuombwa.

Asmahani alikuwa uani anaosha vikombe vya kahawa, Sabra amesimama nyuma yake. Mudrik alimwambia kwamba kaka yake amesema yote. Alikuwa anamdanganya kidogo, lakini ilitosha. Asmahani aliendelea kusuuza kikombe alichokuwa nacho, akakifudikiza juu ya sinia.

"Miaka nimemgeuza ubavu huu, nimemgeuza ubavu ule," alisema. "Waleed huja siku za sikukuu. Kisha shamba linapewa msikiti. Mie sikutajwa hata kwa neno."

"Ulikuwa chumbani?"

"Nilikuwa kitandani kwake, nimemshika mkono. Gari likanyamaza. Akafungua macho, akaniuliza, mbona gari limezimwa? Nikamwambia, jeneza linapita, mama, tulia kidogo."

"Akatulia?"

"Akatulia. Ile mashine inalia, yeye kanyamaza, kwa adabu. Akaniuliza nani kafa. Nikamwambia nimesikia kuna msiba kwa Abubakari. Akasema innalillahi, maskini wa Mungu. Akaanza kumwombea dua." Asmahani alichukua kikombe kingine. "Hakuimaliza."

Sabra alifunika mdomo kwa mkono. Mudrik akageuza uso, akamwambia Sabra amtie pingu yule mwanamke na ampitishe mlango wa mbele, watu wote wamwone. Waleed alikuwa ameshashikwa na vijana wa kijiji waliomsikia akikiri, na chini ya turubai watu walikuwa wameanza kunyanyuka mmoja mmoja, halua mkononi.

Ndipo Mudrik alipowasha simu yake akapiga kituoni. Alikuwa anasikia raha ya mtu aliyewashinda wengine, na alitaka Shamte mwenyewe ainue simu. Aliyeinua ni konstebo wa zamu, sauti imechangamka.

"Mwiteni mkuu," Mudrik alisema. "Mtoeni Hemedi. Nina watu wawili hapa, wamekiri."

"Lakini afande, Hemedi naye amekiri. Amekubali yote, kwamba hakutia fyuzi, kwamba soketi ilikuwa mbovu na alijua. Mkuu ameshakwenda nayo kwa hakimu."

"Ameandika mwenyewe?"

"Ametia dole gumba, afande. La kushoto. Mkono wa kulia hautafaa tena, hata daktari kasema hivyo."

Mudrik akauliza ni nani aliyeruhusu hayo. Konstebo akadhani anakaripiwa, akaanza kujitetea haraka haraka.

"Alasiri ilipoingia tulikupigia, afande. Mkuu alisema tukuulize kwanza kama una lolote, tusimguse mpaka useme. Tumepiga mara nyingi. Simu yako ilikuwa imezimwa."